Gari la Kutosha Mguu wa Baba

Mwaka wangu wa pili chuoni Biharamulo nilinunua gari ambalo wenzangu walilicheka tangu siku ya kwanza nilipoliegesha nje ya bweni. Sikuwalaumu. Walizoea kumwona mwanafunzi mwenye bahati anakuja na kigari chekundu chenye vioo vyeusi, na mimi nilikuja na Probox nyeupe, namba C, ambayo mlango wake wa nyuma ulikuwa umepakwa rangi kwa brashi. Watu walinipungia mkono barabarani wakidhani ni mchomoko, yale magari madogo yanayoshindilia abiria kati ya Biharamulo, Nyakanazi na Ngara. Mzee mmoja alifungua mlango akaketi na kuanza kunilalamikia bei ya mbolea kabla sijamwambia kuwa gari hili si la abiria. Nilimpeleka alikokuwa anakwenda, maana kumtoa kungechukua muda mrefu zaidi.

Wenzangu walidhani nililichagua kwa sababu ya bei. Bei ilikuwemo, siwezi kusema uongo. Lakini mimi sikulichagua kwa bei wala kwa macho. Nililichagua kwa tete.

Kwetu ni Kirushya, wilaya ya Ngara. Mama analima migomba na maharage, na maharage ndiyo yaliyonisomesha. Baba naye analima, ila kijijini anajulikana zaidi kwa kazi nyingine ambayo hakuna aliyemchagulia. Mtu akifariki, baba ndiye anayeitwa kumpima. Hushuka bondeni, akakata tete, akaingia ndani na kulilaza ubavuni mwa marehemu, akalikata pale inapoishia miguu. Tete hilo hupelekwa kwa fundi wa jeneza, kisha kwa wachimba kaburi, na mwisho huwekwa kaburini humo humo. Halirudishwi nyumbani. Toka nikiwa mdogo nilijua kwamba nikimwona baba anapanda kutoka bondeni na tete moja mkononi, siku hiyo hatuendi shamba.

Mwaka ule baba alianguka na baiskeli. Alikuwa anashuka mlima na mikungu ya ndizi, breki zikamshinda, na paja likavunjika juu kidogo ya goti. Hospitali wakamwekea chuma. Walipomruhusu, daktari alituambia mimi na mama jambo moja, akalirudia ili tulishike: kidonda kikishapona, mgonjwa aje kila wiki kwa mazoezi ya goti. Asipokuja, goti litaganda likiwa limenyooka hivyo hivyo, na likishaganda halitakunjwa tena. Mtu wa milima ya Kirushya mwenye mguu usiokunjika ataishia uani kwake.

Tulikodi mchomoko wa kumrudisha. Siti za nyuma zililazwa, likatandikwa godoro, baba akalazwa chali. Kulikuwa na baridi, kwa hiyo mama akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Yeye mwenyewe alikaa mbele na dereva, amejifunga kitenge kichwani kwa sababu ya vumbi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha wodini. Mimi nilikuwa nimejikunyata nyuma karibu na miguu ya baba. Ukilitazama gari lile kutoka nje, ulikuwa na kila sababu ya kuamini ulichoamini.

Tulipofika kwenye njia panda ya kijiji, wanaume waliokuwa wamekaa nje ya duka walisimama wakavua kofia. Wanawake waliokuwa wakitoka shamba walitua majembe. Mama mmoja, jirani yetu mwenye sauti kubwa, aliweka mikono kichwani akaanza kulia, akimtaja baba kwa mema ambayo hakuwahi kumwambia akiwa mzima. Baba alikuwa anasikia yote. Nilimwona anayatazama mapaa ya nyumba yakipita kwenye kioo, midomo imekaza. Dereva hakuweza kukimbia kwa sababu ya mashimo, kwa hiyo tulipita katikati ya msiba wake polepole. Tulipofika nyumbani, vijana walikuwa wameshawasha moto uani, kuni zilikuwa zinaletwa, na wanaume wawili walikuja wamebeba majembe ya kuchimbia.

Baadaye watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, nikaisimulia bwenini kwa kuigiza sauti. Baba hakucheka. Wiki ilipofika ya kwenda kwenye mazoezi alisema haendi. Mama akakodi gari jingine, safari hii ili akae kiti cha mbele. Kiti chenyewe kilikuwa kimekwama kwenye reli zake, hakirudi nyuma, na mguu ule ulionyooka haukuweza kuingia. Dereva akasema, kwa nia njema kabisa, basi mzee alale tu nyuma. Baba aligeuka na magongo yake akarudi ndani. Alimwambia mama kwamba ameshapelekwa maziko yake mara moja, na siku ya pili atakayolazwa ndani ya gari, asiulizwe maoni.

Wiki zikapita. Kila nilipopiga simu mama alisema goti ni lile lile. Nilikasirika. Nilimkasirikia baba kwa ukaidi wake, nikamkasirikia jirani kwa koo lake, na nikajikasirikia mwenyewe kwa kukaa Biharamulo nasoma namna ya kukinga mazao na wadudu wakati goti la baba yangu linaganda. Wakati huo ndipo mama aliponishangaza. Aliuza mikaratusi yote ya mlimani, ile aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kujengea, akaniambia nitafute gari. Lipakie maharage yake ya kuuza Biharamulo, maana malori yalikuwa yanamnyonya. Linipeleke mimi kwenye mazoezi ya vitendo vijijini, kisha linirudishe nyumbani wikiendi. Na baba yako, alisema, akae mbele kama mtu.

Leseni nilikuwa nayo tayari, niliipata likizo iliyotangulia. Nilichokuwa sina ni urefu wa mguu. Nikamwomba mama ampime baba, kuanzia kiunoni mpaka kisiginoni, kwa chochote alichonacho.

Sikufikiri. Mama naye hakufikiri, au alifikiri maharage. Tepu ya fundi cherehani hatuna nyumbani. Baba alikuwa amelala mkekani uani mchana, akiota jua, mama akaona asimwamshe. Akachomoa tete kwenye uzio wa ndama, akainama, akalilaza ubavuni mwake.

Baba akafumbua macho.

Mama alinisimulia kwa simu, mwanzoni akicheka, halafu kicheko kikamkauka. Baba hakupiga kelele. Alimuuliza tu ni nani aliyemwambia kwamba yeye amekwisha. Mama akaeleza habari ya gari, kiti na mguu, akajikanyaga, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo wa kumliwaza mgonjwa. Baba akasema amepima watu wengi kwa tete na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananunua gari. Kisha akaugeuzia uso ukuta. Siku ile hakula.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilimwambia mama alitupe, nitanunua tepu niitume. Mama, ambaye hapendi kazi ifanywe mara mbili, alisema mguu umeshapimwa na hatamgusa tena. Alilituma lile tete kwa lori la maharage, limefungwa kwenye gunia kwa kamba ya mgomba, na nilipolipokea stendi dereva aliniuliza kama ni dawa.

Rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja alinisindikiza kutafuta gari. Ni binti wa Kisukuma, wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao kabla hajazaliwa, na utani wake haukuwa na breki. Alisema sisi Wahangaza wa Ngara ni watu wa ajabu, kwao Wasukuma ng'ombe hununuliwa kwa macho na gari ni hivyo hivyo, hawahitaji fimbo. Nilipomweleza tete linatumika kwa nini kwetu, alisema yeye atalishika upande wa kisigino tu.

Gari la kwanza lilikuwa jekundu. Lilikuwa la kijana aliyekuwa anahamia Mwanza, dogo, safi, redio inaimba vizuri, injini haisikiki. Nililipenda, tena sana. Nilijiona nimeshafika nalo chuoni nimeshusha kioo. Nikarudisha kiti cha mbele nyuma mpaka mwisho, nikaweka ncha moja ya tete pale kiuno kinapokaa, na ncha ya pili ikapanda juu ya dashibodi. Nikalilaza upande. Likagoma. Nikajaribu kuliinua na kuliingiza kwa chini kama mtu anayejaribu kuingiza mwamvuli kwenye mkoba. Likagoma. Rafiki yangu aliliangalia tete, akaniangalia mimi, akasema tunaweza kulikata kidogo tu, nani atajua. Tulikaa ndani ya kile kigari dakika kadhaa tukiwa na mawazo hayo. Kisha nikatoka nikafunga mlango, na mwenye gari akaniuliza kama nimetumwa na mganga.

Pikapu moja ilikuwa na nafasi ya kutosha, lakini ilikuwa juu mno, baba asingeweza kuipanda bila kubebwa, na kubebwa ndiko alikokuwa anakukimbia. Pia ilikunywa mafuta vibaya. Jingine, gari la chini la miaka mingi, tete liliingia bila shida, ila tulipolipandisha mlima wa kwenda bomani lilitoa moshi wa rangi ya bluu, na fundi niliyemlipa anifuate alitingisha kichwa kabla hata sijamuuliza. Dalali aliyetuletea alisema moshi ule ni wa asubuhi tu. Ilikuwa saa nane mchana.

Probox niliipata Nyakahura, kwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyekuwa akimbebea mkewe nyanya. Niliiona nikasimama pale pale. Nyeupe, ndefu nyuma, ni gari lile lile, aina ile ile iliyompitisha baba katikati ya msiba wake. Nilitaka kugeuza. Rafiki yangu akasema tumekuja mbali, angalau tupime.

Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwomba ruhusa ya kufungua mlango wa mbele. Kiti kikateleza kwenye reli bila kukwaruza, kikarudi mpaka nyuma kabisa. Nikalaza tete. Liliingia lote, na pale kisigino kinapoishia ikabaki nafasi ya kiganja. Kizingiti cha mlango kilikuwa chini na mlango wenyewe ulifunguka kwa upana. Nikaliweka tena, nisije nikawa nimejidanganya. Likaingia tena.

Yule mzee hakucheka wala hakuuliza habari za mganga. Alizaliwa Nyakisasa, na tete alilijua. Aliniuliza taratibu ni nani aliyefariki. Nikamweleza yote, tangu baiskeli mpaka mkekani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi hilo tete lifiche, binti yangu. Mke wangu akitoka akaliona, ataanza kunitafuta mimi."

Tulipakia magunia ya mchanga, tukaenda kulisimamisha katikati ya mlima na kuliondoa tena, maana kwetu gari lisiloweza kusimama mlimani ni la kuangalia tu. Halikurudi nyuma. Fundi alilala chini yake, akatoka na kutu kidogo kwenye nywele, akasema mwili umechoka ila injini imetunzwa, na vipuri vyake vinauzwa kila duka hadi Benaco. Kadi ilikuwa na jina la mzee mwenyewe. Tulielewana bei, akaongeza na tairi ya akiba na kipande cha zulia chenye harufu ya nyanya.

Jumamosi iliyofuata niliendesha kwenda nyumbani. Kutoka Lusahunga malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalinisukumia pembeni muda wote, na milima ya Ngara nilipanda nikiwa nimeshika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Tete lilikuwa limelala pembeni yangu kwenye kiti cha mbele. Hofu yangu haikuwa malori. Nilikuwa nawaza baba atasema nini atakapoona ni gari gani linaingia uani.

Alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Aliliangalia gari kuanzia taa mpaka mlango wa brashi. Nilimsalimu, akaitikia, akaniuliza habari za masomo kama mtu anayemuuliza mgeni. Kisha akasema, "Mama yako kauza miti yangu, mmeninunulia lile lile."

Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Maneno yote matamu niliyoyapanga njiani yalipotea, na hasira ya wiki nyingi ikapanda. Nikaenda kwenye gari, nikafungua mlango wa mbele, nikachomoa tete. Mama alipoliona akashika mdomo. Sikumjali. Nililaza tete kwenye kiti mbele ya macho ya baba, kutoka kiunoni mpaka kisiginoni, nikamwonyesha pale lilipoishia na nafasi iliyobaki.

"Baba, wewe unawapima watu walale," nilisema. "Mimi nimekupima ukae."

Machozi yalinitoka kwa hasira, si kwa kingine. Baba aliliangalia tete lile namna fundi anavyokiangalia kipimo cha fundi mwenzake. Halafu akamwambia mama amletee kofia.

Aliingia mwenyewe. Alikaa kwanza kwa makalio, akashika juu ya mlango, akauingiza mguu polepole kwa mikono yake yote miwili kama anayeingiza kitu cha kuazima. Uliingia. Akafunga mlango, akashusha kioo, akakaa wima na kofia yake, akaniuliza nangoja nini.

Jumamosi ile hapakuwa na mazoezi hospitali, naye alilijua hilo. Hakutaka hospitali. Alitaka njia panda. Aliniagiza niende taratibu, na tulipofika mbele ya duka akasema simama. Wanaume wale wale walikuwepo. Baba akawasalimia mmoja mmoja, akiwauliza habari za watoto, za mifugo, za mvua, kwa utulivu uliowafanya waanze kuangalia chini. Jirani yetu mwenye sauti alikuwa anapita na ndoo. Alisogea mpaka dirishani akicheka kwa aibu, akasema tusamehe, siku ile tulidhani.

"Hapana, ulinililia vizuri," baba alimwambia. "Yale mengine yatunze, nitakuja kuyahitaji."

Walicheka wote, na safari hii baba naye alicheka. Mama alikuwa nyuma juu ya lile zulia, akicheka na kujifuta macho kwa kitenge.

Jumatatu hakwenda, kwa sababu nilikuwa nimerudi chuoni, lakini Ijumaa niliomba ruhusa ya kuondoka mapema nikampeleka pamoja na mama. Mtaalamu wa mazoezi alipolishika goti alitugombeza sote watatu. Alisema tumechelewa, na hatatuahidi chochote. Siku ya kwanza baba alitoka chumba kile ametota jasho, amekunja uso. Nilidhani amekata tamaa. Tulipofika njia panda akashusha kioo akasalimia watu kama kawaida.

Ikawa desturi. Ijumaa ni hospitali, Jumapili ni kupakia maharage ya mama na kurudi nayo Biharamulo. Chuoni waliendelea kuita gari langu mchomoko, na rafiki yangu aliwaambia nauli wamlipe yeye. Tete nililiacha ndani ya gari, chini ya kiti. Mama aliniambia nilitupe, lakini baba alisema liachwe, halijamaliza kazi.

Siku niliyoelewa maana yake ilikuwa ya kawaida tu. Tulikuwa tunatoka hospitali, mvua ilikuwa imekatika, nimewasha gari na nimeshika gia. Baba akajisogeza kwenye kiti, akajisogeza tena, kama mtu aliyekalia kitu. Nikamuuliza kama mguu unauma. Akasema hauumi. Alisema kiti kiko mbali, mguu ukikunjwa hauna pa kukanyaga.

Nilizima injini, nikazunguka upande wake, nikavuta kile chuma chini ya kiti, na kiti kikasogea mbele mpaka pale tete lisingeingia tena.